Neno Hukaa Kwenye Trebo

Shikamoo zenu nimezipokea, wajukuu, tena za kutosha. Tangu nilipofunga kibanda changu pale karibu na stendi ya Mbinga, hazipiti siku mbili bila kijana kunisimamisha njiani, mkononi ana simu yenye picha ya sabufa. "Shikamoo fundi. Hii vipi, ni wati ngapi?" Namjibu marahaba, wati sijui. Anaondoka akidhani mzee amechoka akili. Akili ninayo, ila swali hilo limenichosha.

Maisha yangu yote ya kazi nimefungua redio, deki na amplifaya za watu wa huku, toka Ukata mpaka kule chini ziwani, na sijamwona mtu aliyesaidiwa na wati. Wati ni ukubwa wa sufuria tu, na sufuria haimpikii mtu. Lakini ndizo mnazouliza, na wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana wanaandika namba kubwa kwenye boksi na kuweka taa za rangi mbele, ili mjue mmenunua kitu. Basi nitawaambia niliyokuwa nawaambia wateja wangu, na nitawaambia kwa nini nina hasira. Mkiona maneno yangu yana pilipili, vumilieni. Sababu ipo na nitaifikia.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Hyera, mtu mfupi wa upande wa Songea aliyejifunza ufundi kwenye karakana ya misheni. Alikuwa mkali. Hukugusa waya wake kabla ya kunawa mikono. Siku yangu ya kwanza aliniuliza, "Wewe Anselmi, besi ni nini?" Nikasema ni mlio mzito. "Na trebo?" Nikasema ni mlio mkali. Akatikisa kichwa, akaweka chini kikombe chake cha chai.

"Besi ni ugali," akasema. "Trebo ni usipa, wale dagaa wa ziwani. Ukila ugali mtupu utashiba, lakini ukiulizwa umekula nini huna la kujibu. Ukila usipa watupu watakutapisha. Kazi yako wewe ni kupanga sahani."

Nilicheka, naye hakucheka. Akawasha redio, akapunguza trebo yote mpaka mwisho, akaniambia nimsikilize mtangazaji. Nikasikia kuwa ni mwanamume, mtu mzima, tena ametulia. Alichokuwa anasema sikukipata. Mzee akaniambia nijaribu kutamka s, t, f, k na ch bila kutoa sauti ya kooni, nikaona ni pumzi tu inayopita kwenye meno na ulimi. Hizo, akasema, ndizo zinazokata sauti ikawa maneno, na zote zinakaa juu. "Neno hukaa kwenye trebo. Ukiipoteza trebo, umebaki na mtu anayenung'unika."

Lakini msikimbilie kuzungusha kitufe mpaka mwisho. Trebo ikizidi, kila s ya mtangazaji inakuwa kama maji yamedondokea mafuta ya moto. Mwanzoni utaipenda, utasema, kumbe wimbo huu una kayamba, sikuwahi kuisikia. Ukiketi nayo mchana kutwa, kichwa kinauma, unazima redio na hujui kwa nini umeizima. Sauti nene ya chini na ya katikati ndiyo inayomfanya mwimbaji awe kama ameketi nawe sebuleni, ana kifua, ana mwili. Sisi mafundi tuliiita sauti iliyoshiba. Amplifaya nzuri inakupa sauti iliyoshiba na bado unasikia mwimbaji akivuta pumzi. Ikikupa moja tu kati ya hayo, mrudishie mwenye duka.

La pili alilonifundisha Mzee Hyera ni kwamba amplifaya hainunuliwi kabla ya kuipigia nyumba kofi. Ukishaingia sebuleni kwa mteja na kusalimia, unasimama katikati na kupiga kofi moja kavu. Nyumba ya bati isiyo na dari, yenye sakafu ya saruji na viti vichache, kofi linarudi na ukali wake, linalia chwa. Nyumba hiyo ina trebo yake ya bure, kwa hiyo mtafutie amplifaya nene, yenye juu laini. Nyumba ya nyasi na udongo, yenye mikeka na vitanda na nguo za watu kumi, inameza kofi lote. Humo peleka amplifaya yenye juu wazi, la sivyo mwimbaji atasikika kama amefunikwa blanketi. Na ukishuka ziwani kuna jambo jingine. Mawimbi ya Nyasa hayanyamazi, na ule mlio wao wa shaa unakaa palepale penye trebo, unakula maneno. Watu wa pwani ya ziwa niliwaongezea juu kidogo kila mara, nao walifurahi bila kujua kwa nini.

Kofi hilo ndilo lililonipa mke. Mzee Hyera alinichukua kwenda Lundo kumfungia muziki mzee mmoja muuza samaki wakavu. Nilipoingia sebuleni nikapiga kofi langu. Nyuma ya pazia alikuwepo bibi wa nyumba hiyo, mama aliyelelewa ng'ambo, Malawi, ambako watu husalimiana kwa kupiga makofi. Naye akanipigia la kwake. Mimi nikadhani ni mwangwi, tena mwangwi wa ajabu, nikapiga jingine. Akajibu. Nikahamia kona ya pili nikapiga tena, akajibu tena, mpaka akatoka nje ya pazia, amepiga magoti nusu, anahema.

"Mjukuu wangu," akasema, "hajaingia humu mtu mwenye adabu kama wewe, lakini sasa inatosha, mikono inaniuma."

Mlangoni walisimama wasichana wawili wakicheka mpaka wakashikana mabega. Mkubwa alikuwa Yunisi, ambaye leo ni mama watoto wangu. Mdogo alikuwa Tabitha. Huyo mdogo akaniuliza, "Kaka fundi, na ukuta nao unausalimia?" Tangu siku hiyo akawa ananiita Salamu, na nilipomwoa dada yake nikawa Shemeji Salamu mbele ya watu wote, hata kanisani.

Tabitha alikuwa na sauti nyembamba yenye makali. Akiwa ufukweni anaanika usipa, akamwita dada yake kule nyumbani, kila neno lilifika juu ya mawimbi yote. Mzee Hyera alimsikia mara moja akasema, huyo hahitaji amplifaya. Kila mwaka alikuja kwetu Mbinga na mfuko wa usipa, na kabla hajafika getini tulikwishajua amekuja na ana habari gani. Mnikumbukie sauti hiyo.

Sasa niwaeleze ugonjwa wetu sisi watu wa milimani. Mtu akiuza kahawa yake vizuri ananunua bati, na bati likishapigwa ananunua muziki. Hapo sina ugomvi naye. Ugomvi ni kwamba muziki wenyewe hauweki umwangalie yeye. Anaupandisha dirishani, uso wa spika nje, utazame ng'ambo ya bonde. Mteja wangu mmoja wa Litumbandyosi, nitamwita Komba, alinikataza hata kupiga kofi.

"Fundi, usinipimie nyumba," akaniambia. "Mimi sisikilizi. Anasikiliza Kinunda kule ng'ambo."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Mimi nitakaa nje, namtazama."

Akachukua amplifaya yenye besi kuliko zote nilizokuwa nazo, akaifungulia mpaka madirisha yakalia. Mwezi ule ule niliitwa ng'ambo kwa huyo Kinunda kumtengenezea redio. Nikiwa nimeinama kwenye kazi, akaniuliza kwa upole, "Fundi, hivi Komba amenunua mashine ya kusaga? Naisikia toka asubuhi inanguruma. Nilikuwa nataka nimpelekee mahindi." Komba alikuwa ametumia kahawa ya msimu mzima kumnunulia jirani yake mngurumo. Sauti ikisafiri mbali, maneno yanaanguka njiani na ngoma peke yake ndiyo inayofika. Niliwahi kulisimulia hili kama kichekesho. Siku hizi silicheki, kwa kuwa naona nchi nzima imehamia kwa Komba.

Mkienda dukani, basi, muwe na akili. Muuzaji ana wimbo wake aliouchagua, wenye ngoma nzito, na anaiweka amplifaya anayotaka kuiuza juu kidogo kuliko zile nyingine. Sikio ni jinga. Linalosikika kwa nguvu zaidi linalidhani ndilo zuri zaidi. Mwambieni azilinganishe zote sauti moja, kisha muweke wimbo wenu, na uwe wimbo mnaoujua mpaka pumzi zake. Kama unaimba kwaya, weka kwaya yako, maana unajua soprano zenu zinaingiaje. Weka na mtu anayezungumza, mtangazaji au mhubiri. Halafu punguza sauti mpaka chini kabisa, kama vile kuna mtoto amelala. Amplifaya inayoeleweka ikiwa chini ni ya kweli. Ile inayohitaji kupiga kelele ndipo iwe na maana imekosa kitu, nayo inakificha kwa kelele. Zungusha besi nyuma kidogo usikilize kama bado kuna mtu ndani yake. Wengi wenu mkifanya hivyo mtakuta hakuna mtu.

Mwishoni mwa kazi yangu nilikuwa nafungua masanduku ambayo hayakutaka kufunguliwa. Yamegundishwa kwa gundi, hakuna parafujo. Zamani nilibadilisha kapasita iliyozeeka na trebo ikarudi, mtu akaondoka amefurahi. Haya ya sasa yakifa yanatupwa. Na kwenye baadhi yake, nyuma ya ule wavu mdogo mnaodhani ni tuita, ile spika ndogo inayotoa trebo, nilikuta plastiki iliyofinyangwa ikafanana na tuita. Haina waya. Ni pambo. Kuna mtu mahali fulani alikaa akafikiria jinsi ya kutengeneza tuita isiyolia, na akalipwa mshahara. Nilipokuta ya tatu nikafunga kibanda.

Kufikia hapo masikio ya mke wangu Yunisi, Mama Batista, yalikuwa yameanza kuchoka. Masikio ya binadamu huchokea juu kwanza, kwenye trebo, na ya chini hubaki. Aliacha kusikia simu ikiita, kisha vifaranga, kisha watoto wanaobisha hodi kwa sauti zao ndogo. Ng'ombe na ngoma alivisikia kuliko mimi. Watu wakadhani anaringa, maana wakimsalimia kwa upole anapita tu. Simu aliiacha kabisa. Kilichobaki kwake ni redio, hasa saa ile ya mchana baada ya habari, redio ya huku kwetu inaposoma matangazo ya vifo. Kwetu ndivyo tunavyopeana taarifa za misiba, kwa kuwa kuna vijiji ambavyo mpaka mtu apande kilimani ndipo simu ishike. Mama Batista hakuyakosa matangazo hayo. Alisema mtu akisomwa na asisikiwe, ni kama amekufa porini.

Kwa hiyo nilimtengenezea chombo. Nilichukua amplifaya kuukuu aliyoniachia Mzee Hyera, nikaitia kapasita mpya, nikaipunguza besi kiasi cha nusu na kuipandisha trebo mpaka kwangu mimi s zikaanza kuchoma. Spika niliweka moja tu, juu ya stuli, usawa wa sikio lake, karibu na kiti anachokalia. Ukutani nikatundika kitenge na chini nikatandika mkeka, ili bati lisiongeze kelele zake. Nikipita sebuleni nilikunja uso. Yeye alikuwa anatikisa kichwa na kusema, "Eh, yule wa Ukata amefariki, aliyelima matuta mazuri ya ngolo kule mlimani." Chombo hicho kilikuwa kibaya kwa kila mtu isipokuwa mmoja. Wajukuu, sijawahi kufanya kazi bora kuliko ile.

Krismasi moja akaja Batista, mtoto wetu wa kwanza, mwenye kazi ya ofisini Dodoma. Alikuja na mke, watoto na boksi kubwa. Alipowasha redio ya mama yake akaruka.

"Baba, mnaishije na kelele hii? Inachoma masikio. Na wewe ndiye fundi."

"Ni ya mama yako," nikamwambia. "Imepimwa kwa masikio yake."

"Mama, utasikia vizuri zaidi sasa. Ngoja uone."

Akatoa amplifaya ya Mzee Hyera, akaitia stoo chini ya magunia ya mahindi, na mahali pake akaweka sabufa yenye taa za bluu. Alipoifungulia, sahani zilicheza kabatini. Watoto wakacheza. Mke wake akapiga picha. Mama Batista akaweka kiganja kifuani akasema, "Naisikia hapa, baba." Wote wakafurahi, wakampigia makofi. Naye alikuwa anasema kweli. Aliisikia kifuani. Masikioni haikufika.

Walipoondoka nilichukua rimoti nikapandisha kila kinachopandishwa. Hakikubadilika kitu. Nikaifungua, na ndani nikaikuta ile plastiki yangu ya zamani, tuita isiyo na waya. Nikamwambia Mama Batista narudisha chombo chetu.

"Usithubutu," akasema. "Mtoto akija akute nini? Ameleta kwa mapenzi. Nitazoea."

"Masikio hayazoei."

"Basi mimi nitazoea."

Nikaifunga tena, kwa kuwa mama akishaamua kumlinda mtoto wake hakuna fundi anayeweza kitu. Aliendelea kuiwasha kila mchana, anaketi kitini pake, lakini sasa alikuwa na ungo wa maharage mapajani na macho yake yakiwa kwenye maharage. Siku moja nilimuuliza leo amefariki nani. Akasema, "Wamesoma tu."

Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa. Mguu wa Mama Batista ulikuwa umevimba, akabaki nyumbani, mimi nikawa shambani toka asubuhi. Simu yangu ilikuwa mjini kwa kijana mmoja inabadilishwa kioo. Mnaweza kucheka, simu ya fundi iko kwa fundi. Jumapili, tulipotoka misa, mama mmoja wa kwaya alimkuta mke wangu kwenye ngazi za kanisa akamshika mikono yote miwili. Akamsemea karibu na sikio, kama watu wanaomjua wanavyofanya.

"Poleni, Mama Batista. Tulijua bado mko Lundo. Mmerudi lini?"

Mke wangu akanigeukia mimi. Mama wa kwaya naye akaniangalia, kisha akaelewa, akaweka mkono mdomoni. Tabitha alikuwa ameanguka ghafla Alhamisi asubuhi, na alizikwa Ijumaa.

Tulishuka Lundo kwa gari la siku hiyo hiyo. Njia nzima Mama Batista alikuwa na kitambaa cheupe mkononi, anakikunja na kukikunjua. Kwa ukoo wao, mwanamke akifariki, ndugu yake wa kike, dada au mdogo, ndiye anayemfunga kitambaa kichwani kabla jeneza halijafungwa. Mama yao alifungwa na mama mdogo wao, Yunisi akiwa pembeni akielekezwa, na tangu hapo alijua kwamba Tabitha ni wake, au yeye ni wa Tabitha, atakayetangulia.

Msibani tulipokelewa na Neema, binti wa Tabitha. Alitupa viti. Alimletea mama yake mkubwa maji ya kunywa, akaketi chini, akazungumza kwa adabu zote, polepole na kwa sauti, ili asikie. Adabu yake ndiyo iliyokuwa kali.

"Mama mkubwa, simu ya baba mkubwa haikupatikana. Kaka Batista amebadilisha laini, hatuna namba yake. Tukasema hakuna neno, mama mkubwa hakosi matangazo. Tukatangaza Alhamisi mchana, tukatangaza jioni, tukatangaza na asubuhi yake. Tuliacha jeneza wazi. Mchungaji alitaka kufunga, wajomba wakasema tungoje gari la mwisho toka Mbinga. Tulingoja mpaka jua likashuka upande wa Malawi."

"Amemfunga nani?" mke wangu akauliza.

"Jirani."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema kuhusu sabufa, kuhusu plastiki ile isiyo na waya, kuhusu mtoto msomi aliyekuja na boksi. Mama Batista akanikanyaga mguu kwa kisigino.

"Nilikuwa naumwa, mwanangu," akamwambia Neema. "Nilisikia. Niliumwa tu, sikuweza kuinuka."

Neema akainamisha kichwa akasema pole, lakini niliona hakuamini, maana mtu anayeumwa hutuma mtu. Na wajomba waliokuwa barazani waliona pia. Mpaka leo watu wa Lundo wanajua kwamba Yunisi alisikia mdogo wake amefariki na hakuja. Ameuchukua ubaya huo kichwani kwake, ili usiende kwa Batista. Kile kitambaa alikiacha kaburini chini ya jiwe.

Tuliporudi aliniambia, "Usimwambie mtoto."

"Nitamwambia."

"Baba Batista, nakuomba."

Niliahidi. Batista hupiga simu kila mwisho wa mwezi, namwekea mama yake sikioni huku namrudia maneno, na swali lake huwa ni lile lile, mama, sabufa inaendeleaje? Naye anamjibu, "Inanguruma, baba." Niliahidi kutomwambia Batista. Kuwaambia ninyi sikukatazwa, na kama mmoja wenu anafanya kazi Dodoma kwenye ofisi moja na mtoto wangu, hilo si kosa langu.

Nina hasira, ndiyo. Nina hasira na waliotengeneza tuita ya pambo, na waliouza, na mtoto wangu aliyesikiliza kwa masikio yake akadhani ni ya mama yake. Nyie mnaonisimamisha njiani na kuniuliza wati, mnaponunulia wazazi wenu vyombo, muwe na adabu ya kuketi kwanza kwenye kiti cha mzazi. Muulizeni anasikiliza nini. Msimuulize kama ni nzuri, atawaambia ni nzuri. Muulizeni mtangazaji amesema nini.

Sabufa bado ipo sebuleni, taa zake zinawaka, watoto wa jirani wanakuja kucheza muziki wake. Amplifaya ya Mzee Hyera niliitoa chini ya magunia, nikapuliza vumbi la mahindi, nikaweka spika juu ya stuli. Safari hii Mama Batista hakunizuia. Kila mchana anaketi, ungo ameuweka pembeni, na kila jina likisomwa analirudia kwa sauti, hata la mtu asiyemjua. Fulani wa Ukata. Fulani wa Mbamba Bay. Akimaliza kila moja anasema, "Nimekusikia."

Juzi matangazo yalipoisha akanigeukia. "Baba Batista, Tabitha walimsoma vizuri?"

Siku ile nilikuwa shambani, ndani ya mikahawa, na sikusikia chochote. Nikamsogelea sikio nikamwambia walimsoma vizuri, jina lake lote, na jina la dada yake mkubwa wa Mbinga, neno kwa neno.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akanyoosha mkono akaongeza trebo kidogo, akaketi kungoja ya jioni.